VIBALI VYA UJENZI MTANDAONI: KIWANJA KWANZA, SIMU BAADAYE

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Haya ni maelezo ya Katibu Mwenezi katika mkutano wa wanachama. Tunayatuma kwa ajili ya waliokuwa shambani siku hiyo na kwa wale walioomba wayasome taratibu. Viongozi wa mashina, tafadhali wasomeeni wazee wetu wasio na simu janja.



Nimepewa ajenda moja: mfumo wa kuomba vibali vya ujenzi kwa njia ya mtandao, na maboresho ambayo sisi wa Ifakara tunataka yafanyike. Najua wapo mlioona ajenda hii mkasema hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta. Ndugu zangu, ni mambo ya tofali. Mwanachama wetu anauza mpunga misimu mitatu, ananunua tofali za kuchoma kidogo kidogo, anachimba msingi, halafu asubuhi moja anakuta alama nyekundu ya X ukutani na neno SIMAMISHA. Jasho la misimu mitatu limesimama pale. Kwa hiyo tulizungumze kama jambo letu.

*1. Mji umekua, karatasi zimebaki nyuma*

Mnakumbuka kivuko cha Mto Kilombero. Mwaka 2018 tulipata Daraja la Magufuli, mita 384, na kazi ya lami ya kutoka Kidatu ikatusogezea soko. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Taasisi ya Afya Ifakara, vyuo na stesheni ya TAZARA vinaleta watu kila mwaka. Watu wakija wanataka vyumba vya kupanga, na anayetaka kujenga vyumba vya kupanga anatafuta kiwanja popote atakapokipata. Mashamba ya mpunga ya jana leo yanauzwa hatua kwa hatua, kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa.

Nyumba nyingi kati ya hizo zimejengwa bila kibali. Sisemi hivyo kumlaumu mtu. Ninasema ili tukubaliane tunaanzia wapi.

*2. Sheria inataka nini, na mfumo unafanya nini*

Katika eneo la mji, mtu haruhusiwi kuanza kujenga kabla ya kupata kibali cha halmashauri. Hilo limo katika sheria za serikali za mitaa za mamlaka za miji, katika Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na katika kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008. Siyo jambo lililozuliwa jana na halmashauri yetu.

Zamani mwombaji alibeba mafaili. Anakwenda kwa afisa ardhi, anapelekwa kwa afisa mipango miji, kwa mhandisi, kwa afisa afya, na kila meza ina siku yake. Sasa TAMISEMI ina mfumo wa TAUSI, ule ule mnaoufahamu kwa leseni za biashara, na vibali vya ujenzi vimo humo. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unajaza maombi, unapandisha nyaraka, unapata namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Fedha haipiti mkononi mwa mtu. Hilo peke yake ni hatua kubwa, na tawi hili linalisifu bila kigugumizi.

Sasa sikilizeni nyaraka zinazotakiwa kwa kawaida. Ramani ya jengo inayoonyesha vyumba, msingi, paa na sura ya nyumba kwa nje. Jina la mwenye nyumba na la mchoraji. Ukubwa wa jengo kwa mita za mraba. Umbali utakaoachwa kutoka kwenye mipaka. Mahali pa choo na shimo la maji taka. Kama ni ghorofa, na michoro ya uimara wa jengo. Halafu, juu ya yote hayo: namba ya kiwanja, na hati au barua ya toleo inayothibitisha kwamba kiwanja ni chako.

Hapo kwenye namba ya kiwanja ndipo ajenda yetu ilipo.

*3. Majirani wawili*

Chukulieni majirani wawili, ukuta kwa ukuta, wanataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Mmoja kiwanja chake kimepimwa, mawe ya mipaka yapo, hati anayo. Mwingine alinunua kwa karatasi ya mauziano, na eneo halijapimwa. Serikali ikiufanya mfumo uwe wa haraka mara mbili, huyu wa kwanza atapata kibali katika nusu ya muda. Yule wa pili atafika kwenye kile kile kisanduku cha namba ya kiwanja na kukwama pale pale. Kasi mpya haitamgusa hata kidogo.

Tena atakuwa ameumia zaidi. Zamani angalau aliweza kwenda ofisini akaeleza hali yake kwa mdomo, na afisa akamwelekeza kwenye urasimishaji. Mfumo hauna masikio. Unasoma namba, na pasipo namba hauendi mbele.

Ndiyo maana msimamo ninaoleta kwenu ni huu: maboresho ya mfumo wa vibali katika Ifakara yahesabiwe kwanza kwa idadi ya viwanja vilivyopimwa na kuingizwa kwenye mfumo, ndipo yahesabiwe kwa idadi ya siku za kusubiri.

*4. Wenzetu walianzaje*

Wapo wanaosema tuige Kigali. Sawa, lakini tuige kuanzia mwanzo. Kabla Kigali haijatamba na vibali vya mtandaoni, Rwanda ilipima na kusajili ardhi ya nchi nzima, viwanja zaidi ya milioni 10, na kazi hiyo ilikamilika kwa sehemu kubwa kufikia mwaka 2013. Kila kipande kikapewa namba yake. Mtu wa Kigali anapoomba kibali, mfumo tayari unajua kiwanja kiko wapi, cha nani, na mpango wa mji unaruhusu nini pale. Simu inafanya kazi vizuri kwa sababu mtu mwenye futi kamba alitangulia.

Nairobi nao walianza vibali vya mtandaoni mwaka 2011. Ila Aprili 29, 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, kando ya mto, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mfumo wa mtandao ulikuwapo miaka mitano. Jengo lile lilikuwa nje ya mfumo. Wanaokaa nje ya mfumo ndio walio kwenye hatari kubwa, na ndio ambao takwimu za mfumo haziwaonyeshi.

Na kwetu hapa tuna mfano wetu wenyewe. Kati ya mwaka 2016 na 2019, Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi ilifanya kazi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Vijana wetu walishiriki kupita mashambani kupima, mipaka ikahakikiwa mbele ya majirani, na wanavijiji wakapata hati za hakimiliki za kimila. Wapo hapa wenye hati hizo ndani ya sanduku. Kazi ile ilituonyesha kwamba bonde hili linapimika, na kwamba watu wakishirikishwa hugombana kidogo kuliko tunavyodhani. Kilichobaki ni kufanya hivyo hivyo katika mitaa ya mji, kwa taratibu za mji. Angalizo: hati ya kimila ni ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji chako kimeingizwa kwenye mpango wa mji, usikae kimya. Nenda kwa afisa ardhi uulize hati yako inabadilishwaje.

*5. Lumemo haulizi hati*

Kuna sababu nyingine ya kibali, nayo ni kubwa kuliko ada. Masika ya mwaka 2024 mnayakumbuka. Maji ya Lumemo yaliingia mitaani, watu wakalala madarasani, magunia ya mpunga yakaota ndani ya nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita 60 ni kama urefu wa nusu na kidogo ya uwanja wa mpira. Nendeni mkapime wenyewe muone nyumba ngapi ziko ndani.

Swali ni hili: mwananchi anaponunua kiwanja kiangazi, ardhi imekauka na muuzaji anatabasamu, nani anamwambia kwamba pale maji hufika dirishani? Leo anaambiwa na jirani, tena akiwa amekwisha kulipa. Mfumo ulioboreshwa ungeweza kumwambia kabla. Mtu aweke namba ya kiwanja au aonyeshe mahali kwenye ramani, na mfumo umjibu: hapa ni ndani ya mita 60, au hapa mafuriko yamefika, au hapa pako salama lakini inua msingi. Taarifa hiyo itolewe bure, na itolewe kwa anayetaka kununua, asisubiri mpaka aombe kibali.

Na kwa wale wanaosema kibali ni kodi tu, nawakumbusha Dar es Salaam, Machi 29, 2013, mtaa wa Indira Gandhi. Jengo la ghorofa 16 lilianguka asubuhi ya Ijumaa Kuu na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache zaidi. Hapo mnaona mambo mawili: kibali bila ukaguzi ni karatasi, na ukaguzi ukikosekana wanaokufa ni mafundi, vibarua na wapita njia.

*6. Vishoka*

Ndugu wanachama, sehemu hii nawaomba muisikilize kwa makini kwa sababu inaumiza watu sasa hivi, siyo kesho.

Mtu hajui kutumia mtandao, au hana bando, au simu yake ni ya kitochi. Anakwenda steshenari, au anakutana na kijana anayejiita wakala. Kijana anamfungulia akaunti. Lakini anaifungua kwa namba yake mwenyewe ya simu, na neno la siri anabaki nalo yeye. Kuanzia hapo kila ujumbe wa mfumo unakwenda kwa kijana. Afisa akirudisha maombi akitaka ramani irekebishwe, mwenye nyumba hajui. Anaambiwa tu "bado wanashughulikia, ongeza kidogo ya kuwasukuma." Analipa mara ya pili na ya tatu, na halmashauri haijapokea hata senti ya nyongeza hiyo.

Sisemi kila anayesaidia watu ni tapeli. Vijana wengi wa steshenari wanafanya kazi ya heshima kwa ujira wa halali. Ninasema namba ya NIDA, hati na neno la siri ni kama ufunguo wa nyumba. Tangu mwaka 2023 nchi ina sheria inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi. Msaidizi anaweza kukuandikia. Hawezi kuwa wewe.

*7. Tunayoiomba halmashauri*

Mwenyekiti, napendekeza tawi limkabidhi ndugu diwani wetu mambo haya sita kwa maandishi, ayapeleke kwenye kamati na baraza:

1. Upimaji na urasimishaji wa mitaa upangiwe ratiba inayobandikwa kwenye ofisi za mitaa, mtaa kwa mtaa, pamoja na gharama kamili, ili mtu ajue zamu yake ni lini.

2. Pawepo njia ndani ya mfumo kwa mtu ambaye eneo lake halijapimwa: apokelewe, apewe namba ya kumbukumbu, aelekezwe kwenye urasimishaji. Asifungiwe mlango tu.

3. Nyumba ya chini ya kawaida isitendewe kama ghorofa. Halmashauri iwe na ramani chache za mfano za nyumba ya vyumba viwili na vitatu, zilizokwisha kukaguliwa na wataalamu wake, zenye msingi unaofaa udongo wetu, ambazo mwananchi anaweza kuzitumia kwa gharama ndogo.

4. Kila hatua ya maombi iwe na tarehe, na mwombaji apate ujumbe mfupi hata kwenye simu ya kitochi: yamepokelewa, yako kwa nani, yamerudishwa kwa sababu gani. Maombi yakikataliwa, sababu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

5. Kila ofisi ya kata iwe na siku moja kwa wiki ya kusaidia waombaji bure. Mtu wa Kidatu au Mang'ula asilazimike kupanda gari hadi makao makuu ya halmashauri kwa ajili ya kupandisha karatasi moja.

6. Ukaguzi ufanyike wakati wa msingi na wakati wa lenta, kabla nyumba haijafika kwenye bati. X inayopigwa kwenye msingi inamrudisha mtu nyuma. X inayopigwa baada ya bati inamfilisi.

Maboresho ya mfumo wenyewe yako mikononi mwa TAMISEMI, na baraza letu haliwezi kuubadilisha peke yake. Lakini ratiba ya upimaji, ramani za mfano, siku ya msaada na ukaguzi wa mapema viko ndani ya uwezo wa halmashauri. Tusikubali kuambiwa kwamba yote yanasubiri Dodoma.

*8. Tunayopaswa kufanya sisi wenyewe*

Chama kinachodai bila kutenda ni kelele. Kwa hiyo, kwa kila mwanachama:

• Kabla ya kununua kiwanja, fika ofisi ya ardhi uulize kimepangwa kwa matumizi gani. Usimwamini muuzaji wala muhuri peke yake.

• Tunza karatasi zako zote pamoja: mauziano, risiti za kodi, hati au barua ya toleo. Zipige picha na mtumie mtoto wako mmoja nakala.

• Akaunti ya mfumo ifunguliwe kwa namba yako ya simu. Kama huna simu, itumike ya mume, mke au mwanao, siyo ya wakala.

• Usilipe ada ya serikali bila namba ya malipo ya serikali. Fedha taslimu mkononi haina ushahidi.

• Usichimbe msingi kwa kuwa jirani amechimba. Jirani akibomolewa hutamrudishia tofali, naye hatakurudishia zako.

Kwa viongozi wa mashina: kila shina liandike orodha ya kaya zisizo na kiwanja kilichopimwa, bila kutaja chama cha mtu. Narudia, bila kutaja chama cha mtu. Mafuriko hayaulizi kadi. Orodha hiyo tutaikabidhi kwa mwenyekiti wa mtaa ili iwe msingi wa kuomba zamu ya upimaji.

*9. Hoja iliyotolewa mkutanoni*

Mzee wetu mmoja aliuliza, na nimeombwa niweke swali lake hapa pamoja na jibu: "Tukiandika orodha ya wasio na hati, si tunawapelekea wabomoaji anwani?"

Ni hofu ya haki, na sikuijibu kwa mkato. Nilisema hivi. Nyumba zetu zinaonekana. Anayetaka kuzibomoa hahitaji orodha yetu. Asiyejulikana na ofisi yoyote ndiye mnyonge zaidi siku ya bomoabomoa au siku ya fidia, kwa sababu anabaki na maneno tu na ushahidi wa majirani. Aliyekwisha kuomba kupimwa ana barua yenye tarehe. Hata hivyo tulikubaliana masharti mawili kwa ajili ya hofu hiyo: hakuna jina litakaloingia kwenye orodha bila mwenyewe kukubali, na orodha itakwenda pamoja na ombi la tawi kwamba waliojenga kabla ya upimaji wasikilizwe na kurasimishwa pale inapowezekana. Kwa walio ndani ya mita 60 za mto hatutawadanganya kwamba watarasimishwa. Hao tutawaombea viwanja mbadala, na tutawaomba wasiongeze hata chumba kimoja pale.

Mkutano uliridhia hayo kwa kunyoosha mikono. Wawili walipinga, na haki yao imeandikwa kwenye muhtasari.

Ndugu wanachama, mafundi wetu wana msemo kwamba nyumba hupimwa kabla ya kujengwa. Mfumo nao ni nyumba. Tuupimie msingi.

*Utekelezaji:* Orodha za mashina zimfikie Katibu wa Tawi kabla ya mkutano ujao. Mwenye swali amuone kiongozi wa shina lake. Tafadhali msitume picha za hati au namba za NIDA kwenye kundi hili.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa idhini ya Halmashauri ya Tawi, Ifakara._